Sweta Niliyoiacha Marrakech

Nilipofunga safari ya Moroko nilipanga mizigo kwa akili za darasani: mlimani baridi, jangwani joto. Nikamaliza siku zangu kwenye milima ya Atlas, sweta na soksi nzito nikaziacha hotelini Marrakech, nikaelekea Merzouga, kijiji cha ukingoni mwa Sahara, na mashati mepesi. Ilikuwa Novemba. Jua lilipozama, mchanga uliokuwa na joto mchana kutwa ukapoa kama sakafu ya saruji alfajiri. Nilijikunyata, meno yakigongana, mpaka mwenye ngamia aliponihurumia akanirushia blanketi la tandiko. Lilinuka ngamia hasa. Sikulirudisha mpaka asubuhi.

Jangwani hewa ni kavu na hakuna mawingu ya kuzuia joto, kwa hiyo giza likiingia joto lote linapaa. Mlimani nako nilikuwa nimekosea kwa upande wa pili: niliogopa baridi, nikasahau jua. Kileleni Toubkal, mita 4,167, hewa ni nyepesi na jua linapiga kisawasawa, shingo ilinibabuka. Mafuta ya kukinga jua usiyakose mlimani, na sweta usiiache popote.

Njiani kutoka Marrakech kwenda jangwani usilale garini. Barabara inakata mlima kwenye kipito cha Tizi n'Tichka, mita 2,260, na hapo ndipo utaelewa kwa nini ng'ambo ni jangwa. Mawingu ya Atlantiki humwaga mvua upande wa Marrakech. Ukishavuka, ardhi inageuka nyekundu, kavu, mawe matupu. Hata hivyo mlima hauinyimi Sahara kila kitu. Theluji yake ikiyeyuka, maji hushuka kwa mito Draa na Ziz hadi kwenye mitende ya pembeni mwa jangwa. Mji wa kale wa Sijilmasa uliishi kwa maji hayo ya Ziz, na msafiri Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Kilwa mwaka 1331, alianzia hapo kuvuka Sahara mwaka 1352.

Usitegemee mchanga kila mahali, maana sehemu kubwa ya Sahara ni mawe na kokoto. Matuta ya Erg Chebbi, pale Merzouga, yako zaidi ya kilomita 500 kutoka Marrakech. Ukiuziwa safari ya siku mbili, ujue utakachoona zaidi ni kisogo cha dereva. Tenga siku nne. Kama huna, baki kijijini Imlil chini ya Toubkal, mwendo wa saa moja na nusu tu kwa gari kutoka Marrakech, na jangwa liache kwa safari nyingine.