Mstari, Doa na Kumeta: Maswali Yenu Kuhusu Projekta za Sinema

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: picha imeharibika, tununue nini? Karibu zote zingejibika kwa haraka kama mwandishi angetueleza kwanza iwapo kasoro inaonekana pia kwenye michoro ya majaribio iliyomo ndani ya projekta. Michoro hiyo haipiti kwenye seva, yaani kompyuta inayocheza filamu, wala kwenye kebo. Ikitoka safi, tafuta kosa kwenye seva, kebo au mpangilio wa chaneli (mipangilio ya picha iliyohifadhiwa kwa jina kwenye projekta). Ikitoka na kasoro ileile, iache seva yako ipumzike. Jaribio hili huchukua dakika mbili na halihitaji bisibisi.

Projekta yetu ya 2K ina mstari wima mwembamba, mwekundu, unaoonekana zaidi kwenye matukio ya giza. Tumeambiwa tununue chipu mpya, na bei yake imetutisha. Je, hakuna njia nyingine? (Msomaji, Mombasa)

Ipo, na tunawaomba msilipe kitu bado. Projekta ya sinema ya aina ya DLP, yaani inayounda picha kwa vioo vidogo sana, ina chipu tatu za vioo hivyo, ziitwazo DMD: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Chipu ya 2K imebeba vioo vidogo 2048 kwa upana na 1080 kwa kimo, na kila kioo ni pikseli moja. Kila chipu huendeshwa na bodi yake iitwayo fomata, na katikati yao hubanwa kipande chembamba chenye viguso vingi vya umeme. Mstari wima unaweza kusababishwa na chochote kati ya hivyo vitatu. Chipu ndiyo ya bei kubwa kuliko vyote, na ukiibadilisha ni lazima upange upya ulinganifu wa rangi tatu. Ndiyo maana iwe ya mwisho kushukiwa.

Onyesheni mchoro mweusi mtupu, kisha mwekundu, kijani, buluu na mweupe. Pimeni mstari uko umbali gani kutoka ukingo wa kushoto, muandike. Mstari mwekundu juu ya weusi maana yake vioo vya safu hiyo vimekwama vikiwa wazi, vikirusha mwanga muda wote. Vingekwama vikiwa vimefunga, mngeuona kwenye mchoro mweupe, ukiwa na rangi ya feruzi, kwa kuwa nyekundu imekosekana hapo.

Sasa zimeni, subirini feni zisimame, chomoeni umeme, mvae bangili ya umeme tuli iliyofungwa kwenye fremu ya chuma ya mashine. Toeni fomata ya nyekundu, kagueni viguso, mrudishe. Skurubu zikazwe kwa mshazari, kidogo kidogo, hadi nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha modeli yenu. Hapa ndipo wengi hukosea: upande mmoja ukikazwa zaidi, viguso vya upande wa pili vinabaki hewani, na mstari unahama au unaongezeka.

Ukiwa bado upo, badilishaneni fomata ya nyekundu na ya buluu, mradi namba za bodi zote mbili zinafanana. Mstari ukigeuka buluu, fomata ndiyo mbovu. Ukibaki mwekundu mahali palepale, badilisheni kwanza kile kipande cha viguso. Chipu inahukumiwa baada ya hapo tu. Jaribio lifanyike mashine ikiwa baridi, kisha tena baada ya nusu saa ya kuwaka, kwa sababu viguso hutanuka na joto na kuna mistari isiyojitokeza asubuhi.

Angalizo moja kubwa: katika mashine nyingi, kufungua sehemu hiyo kunaamsha swichi ya ulinzi. Baada ya kufunga, kile ambacho mafundi hukiita "ndoa" kati ya projekta na kadi ya kusoma filamu hulazimika kufanywa upya na mtu mwenye nywila yake. Bila hivyo trela zisizofungwa kwa ufunguo wa siri zitacheza vizuri, filamu yenye ufunguo itakataa. Msiifanye kazi hii saa mbili kabla ya onyesho.

Kuna doa la manjano karibu na katikati ya picha. Tumesafisha lenzi mara tatu, halitoki. (Opereta, Dar es Salaam)

Wala halitatoka kwa kusafisha lenzi. Vumbi la kwenye lenzi au kwenye kioo cha dirisha la chumba cha projekta halichori doa lenye umbo. Hupunguza weusi wa picha na kuacha ukungu kuzunguka sehemu angavu. Doa lenye umbo hutoka mahali karibu na chipu au mahali ambapo taswira yake hutupwa juu ya chipu.

Rangi ndiyo inayotoa siri. Prizima hugawa mwanga mweupe katika njia tatu. Kitu kikizuia njia moja tu, kwenye mchoro mweupe utaona rangi iliyobaki: buluu ikizuiwa, doa huwa manjano, nyekundu ikizuiwa, feruzi, kijani ikizuiwa, waridi iliyokoza. Lako ni la manjano, kwa hiyo vumbi limekaa njia ya buluu, kwenye kioo cha mbele cha chipu au uso wa prizima. Hakikisha kwa mchoro wa buluu tupu: litakuwa jeusi. Kwenye nyekundu na kijani halitaonekana kabisa.

Doa la kijivu lisilo na rangi, lenye kingo laini, lina asili nyingine. Hilo huzuia mwanga kabla haujagawanywa, mara nyingi kwenye ncha ya fimbo ya kioo inayosawazisha mwanga wa taa. Modeli nyingine zinaruhusu ncha hiyo kufikiwa na kufutwa na fundi aliyefunzwa.

Njia ya buluu usiifungue. Injini ya mwanga, yaani sehemu yenye prizima na chipu, imezibwa ili vumbi lisiingie, na kuifungua kwenye chumba cha kawaida kutakuletea madoa kumi badala ya moja. Hewa ya kopo nayo hapana: ikitoka na umajimaji, inaacha alama juu ya kioo. Mwite mwenye chumba safi. Wakati unamsubiri, angalia filta za hewa, kwa sababu vumbi hilo lilipita mahali fulani.

Ukiona nukta ndogo za mraba zenye rangi moja kwenye mchoro mweusi, hizo si vumbi. Ni vioo vilivyokwama. Zihesabu kila mwezi kwa darubini ukiwa viti vya mbele. Zikiongezeka, kagua mara moja upoozaji wa chipu: kiasi cha maji ya kupoozea, pampu, na vumbi kwenye rejeta.

Picha inametameta, hasa kwenye anga na kuta nyeupe. Taa ya zenoni bado haijamaliza saa zake. (Nakuru)

Saa za dhamana ni ahadi ya malipo, si kipimo cha afya ya taa. Ncha ya kathodi (ncha hasi ya taa) ikilika, tao la umeme, yaani mwale unaowaka kati ya ncha mbili za taa, hukosa mahali pa kusimama na hutangatanga. Anza na mkondo: kila taa ina kiwango cha chini cha ampea, na wengi hushusha chini yake ili kuokoa umeme. Tao dhaifu humeta hata kwenye taa mpya. Pandisha hatua kwa hatua ndani ya mipaka ya taa, uangalie. Isipotulia, pima upepo wa bomba la kutolea moshi, maana ukizidi unaipuliza taa, ukipungua unaichoma. Kisha kagua viungo vya nyaya za taa. Palipobadilika rangi pamelegea. Rektifaya, yaani kifaa kinachoipa taa umeme wa moja kwa moja (DC), ifuate mwisho.

Kabla ya kufungua nyumba ya taa, acha feni ziipooze kwa angalau dakika 15. Vaa kinga ya uso mzima, koti na glavu hata taa ikiwa baridi, kwa kuwa gesi ndani yake iko kwenye shinikizo kubwa wakati wote. Ukiweka mpya usigeuze ncha: anodi (ncha chanya) ndiyo nene. Ukikosea, taa inaharibika mara tu inapowashwa. Ukimaliza, lenga taa upya na upime katikati ya skrini, picha ikiwa nyeupe. Kiwango cha sinema ni kandela 48 kwa mita ya mraba, na ukumbini kinachokubalika ni kati ya 38 na 58 hivi.

Kwenye tamasha tulichomeka kompyuta mpakato kwa HDMI. Nyuso zikawa za kijani na waridi, na pembeni kukabaki weusi. (Zanzibar)

RGB na YCbCr ni njia mbili tofauti za kuandika rangi: kompyuta ilituma RGB, projekta ikasoma YCbCr, au kinyume chake. Wekeni pande zote mbili RGB kwenye chaneli hiyo. Rangi zikishakaa sawa lakini weusi ukabaki wa kijivu, linganisheni mawanda ya namba za mwanga, kutoka weusi hadi weupe: upande mmoja unahesabu kutoka 0 hadi 255, mwingine kutoka 16 hadi 235. Weusi wa pembeni si kasoro. Picha ya 1920 ndani ya chipu ya 2048 huacha pikseli 64 kila upande. Tengenezeni chaneli ya peke yake yenye ukuzaji wa lenzi unaofaa, muihifadhi kwa jina, ili asubuhi opereta asionyeshe filamu ya kawaida kwa mpangilio huo.

Herufi za tafsiri zina ukingo mwekundu juu na wa buluu chini. (Kampala)

Chipu zimesogea kidogo. Washeni mwanga mweupe nusu saa, kisha fungueni mchoro wa ulinganifu wa rangi na muangalie katikati na pembe zote nne. Kijani kiwe rejea. Nyekundu na buluu zisogezwe kukifuata kwa skurubu za marekebisho, robo mzunguko kwa mara moja. Ukingo ukiwa pembeni tu na katikati pako safi, msiguse chipu. Hiyo ni lenzi.