Jibu: yule kiboko wa manyoya afungwe wapi?
Ndugu, umeuliza kiboko wetu, yule mwanasesere tunayempokezana sisi wa pikipiki, akitoka kwako Nakuru afungwe wapi kwenye pikipiki asidondoke. Mimi nilimbeba mwezi jana hadi Kisumu nikajifunza kwa ubaya, usimweke nyuma karibu na ekzosi, mguu mmoja uliungua (nimeushona, usiwaambie wenzako). Mfunge juu ya tangi na kamba ya mpira, na ukishapita Mau Summit mvalishe turubai kabla hujafika Kericho, mvua ya huko mchana haibishi hodi na akilowa anakuwa mzito kama abiria. Picha ya Maseno pale kwenye bango la ikweta usikose aisee. Halafu ukimkabidhi mtu wa Busia andika kwa daftari la huyu kiboko, mwaka jana alikaa kwa kabati ya mtu miezi mitatu.