Pilipili mbuzi iliyonifundisha kupika

Kwa miaka mingi jikoni kwangu pilipili zilikuwa za aina mbili tu: hoho ya kupendezesha chakula na pilipili kali ya kuwasha. Hoho niliikatakata nikaitia pamoja na vitunguu. Ile kali niliitumbukiza nzima katikati ya mchuzi, nikaomba isipasuke. Siku moja ikapasuka. Ilikuwa pilipili mbuzi, ile fupi nene iliyojikunjakunja, nami nilikuwa nakoroga kwa pupa. Usiku ule tulikula mkate na mtindi. Mchuzi hakuna aliyeuweza.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kabla mambo hayajaharibika, sufuria ilikuwa inatoa harufu tamu, kama ya tunda lililoiva. Nikajiuliza: hii harufu siwezi kuipata bila kuungua?

Unaweza. Wengi wetu hutoa mbegu tukidhani tumetoa ukali. Mbegu zenyewe hazitengenezi ukali. Unatoka kwenye ule utando mweupe unaozishikilia, na mbegu huwasha kwa sababu zimegusana nao. Ukitaka kuhakikisha, chukua pilipili kali, kata kipande chembamba cha ncha ya chini ukiguse kwa ulimi, kisha fanya hivyo kwa kipande cha karibu na kikonyo. Utadhani ni pilipili mbili tofauti. Kwa hiyo naipasua kwa urefu, naparuza ndani kwa kijiko cha chai kuanzia kwenye kikonyo kushuka chini, utando unatoka na mbegu zake zote. Nyama inayobaki bado inawasha, lakini kistaarabu, na ile harufu ya tunda iko palepale.

Kitu kinachowasha kinaitwa kapsaisini, nacho hakipatani na maji. Kinayeyuka kwenye mafuta. Ndiyo maana mtu aliyewashwa akinywa maji anazidi kuhangaika, ilhali maziwa au mtindi humtuliza. Mikono nayo ni hivyohivyo: ipake mafuta ya kupikia kwanza, sugua, ndipo unawe kwa sabuni. Mimi niliwahi kunawa kwa maji matupu, baadaye nikajipangusa jicho. Tuyaache hayo.

Kwenye sufuria jambo hilihili lina faida yake. Pilipili ukiikaanga kwenye mafuta mwanzoni, ukali unasambaa chakula kizima. Ukiikata mbichi na kuitia mwishoni, kila mtu anakutana nao pale anapoutafuna. Nikipikia watu nisiowajua vizuri, huiweka pembeni kwenye kibakuli, kila mtu ajipakulie kwa dhambi zake.

Kuna kipimo cha ukali alichobuni mfamasia Mmarekani, Wilbur Scoville, mwaka 1912. Hoho iko sifuri, jalapeño huwa kati ya 2,500 na 8,000, na habanero, ambayo ni jamaa ya pilipili mbuzi, hufika 100,000 hadi 350,000. Namba hizo zinakupa picha, ila usiziamini kupita ulimi wako. Pilipili mbili za mti mmoja zinaweza kutofautiana, hivyo naonja kila moja kabla sijaikata, hata kama ni chembe.

Sasa hoho, ambayo nadhani tunaidharau. Ile ya kijani kwa kawaida ni changa. Ikiachwa mtini huiva ikawa nyekundu, njano au rangi ya chungwa kutegemea mbegu yake, na utamu unaongezeka. Kijani ina uchungu kidogo na harufu ya majani, kwa hiyo naipeleka kwenye mayai na nyama yenye mafuta, ambako uchungu huo huzuia chakula kisikinaishe. Nyekundu naichoma. Naiweka nzima juu ya moto, naigeuza kwa koleo mpaka ganda lote liwe jeusi kama mkaa. Usiogope, nyama ya ndani haijaungua. Naitia kwenye bakuli, nafunika kwa sahani dakika 15, kisha ganda linavuliwa kwa vidole. Usiioshe bombani, utamwaga ladha yote. Vijipunje vyeusi vichache havidhuru.

Hoho hiyo naisaga na kitunguu saumu, chumvi, mafuta, na pilipili mbuzi moja niliyoichoma pamoja nayo na kuitoa utando. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tamu na kali hazipaswi kutengana. Utamu unafika kwanza, ukali unakuja nyuma yake taratibu, na unabaki na nafasi ya kuonja kitu kingine.

Pilipili kichaa sijaipatia kazi nyingi: inachoma upesi, harufu yake ndogo, naitia kwenye siki basi. Paprika, yaani pilipili tamu iliyokaushwa na kusagwa, ina adui mmoja, mafuta yenye moto mkali. Inaungua kufumba na kufumbua na kuwa chungu, hivyo epua sufuria kwanza ndipo uitie. Pilipili manga haimo humu; ni mmea mwingine kabisa.

Zikinizidi, pilipili kali nazigandisha nzima kwenye friza. Nikihitaji, naikuna moja ikiwa bado imeganda, moja kwa moja juu ya chakula, kuanzia kwenye ncha, na nikikaribia kikonyo nairudisha ndani.