Noti Moja Inalia Mbili? Usimpe Fundi Piano Yako

Juzi usiku msomaji mmoja kaniandikia: “Kaka, samahani kwa usumbufu. Nimeunganisha piano na sikwensa kwa MIDI, sasa nikibonyeza noti moja zinalia mbili. Fundi anasema aifungue. Nimpe?”

Nilimjibu papo hapo: usimpe! Kisha usingizi ukaniruka, maana mimi nilimpa.

Piano ile ya kidijitali nilijinyima mengi hadi kuipata. Vibonyezo 88, vizito kama vya piano halisi. Sikwensa, yaani kifaa cha kurekodi noti unazopiga na kuzirudia, nilikuwa nayo zamani, ile ya matundu ya duara ya pini tano ya kuchomeka waya wa MIDI, mfumo wa vyombo vya muziki kupeana maagizo. Nia yangu, kama yako bila shaka, ilikuwa kutengeneza wimbo mzima peke yangu: besi, ngoma, vinanda, vyote kutoka mikononi mwangu.

Usiku wa kwanza sikusikia kitu. Nilikuwa nimechomeka OUT kwa OUT na IN kwa IN, nikidhani majina sharti yafanane. Ni kama watu wawili wanaosemezana mdomo kwa mdomo, sikio kwa sikio. OUT ya piano huingia IN ya sikwensa, na OUT ya sikwensa hurudi IN ya piano. Waya mbili, zinapishana. Hilo nilijirekebisha mwenyewe na sikumwambia mtu.

Balaa likaanza baada ya hapo. Kila noti ikawa nene, ina mlio wa bati, kana kwamba kuna mtu ndani ya boksi ananiigiza nusu hatua nyuma yangu. Nikikanyaga pedali na kupiga noti nyingi kwa pamoja, zile za mwanzo zinakatika kabla ya wakati wake. Nikaibeba hadi kwa fundi, tena anayesifika. Akachukua bisibisi, akapanga skrubu zangu kwenye kifuniko cha chupa, akachungulia, akatikisa kichwa: mipira ya chini ya vibonyezo imekwisha. Piano mpya! Akabadilisha, nikalipa. Nikafika nyumbani, nikachomeka, noti mbili vilevile. Nilipomrudia akaniambia mbele ya wateja wengine, “Labda mikono yako ndiyo mizito.”

Nimeshasamehe, lakini sijasahau.

Wiki tatu baadaye nilizima sikwensa ili nikalale, nikaipitia piano kidogo kwa mkono mmoja. Sauti safi! Nikaiwasha sikwensa, mbili. Nikaizima, moja. Nilirudia hivyo labda mara kumi, nimesimama katikati ya chumba kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Sikiliza sasa. Waya wa MIDI haupitishi sauti hata chembe. Unapitisha maagizo tu: noti namba 60, yaani C ya katikati, imebonyezwa kwa nguvu 90 kati ya 127, sasa imeachiwa. Basi ukibonyeza, piano inajiliza yenyewe hapohapo, na wakati huohuo agizo linakwenda kwenye sikwensa, nayo inalirudisha kupitia ule waya wa pili. Piano haijui kwamba ni agizo lake lenyewe limerudi. Inatii, inalia tena. Na kwa kuwa kila noti inalizwa mara mbili, piano yenye uwezo wa kutoa sauti 64 kwa mpigo inabaki na 32. Ndiyo maana noti zangu zilikuwa zinakatika.

Dawa ni kuingia kwenye menyu ya piano, kutafuta palipoandikwa Local Control au Local tu, na kuizima. Hapo vibonyezo vinatengwa na mtambo wa sauti uliomo ndani, na njia inabaki moja, ile ya kupitia sikwensa. Ama uache Local kama ilivyo, uzuie sikwensa isirudishe maagizo. Chagua moja. Anayetumia kompyuta na waya wa USB asidhani amepona, ugonjwa ni huohuo. Programu ya kurekodia nayo inarudisha noti.  

Kinachoniuma ni kwamba jambo hili si siri. MIDI ilionyeshwa hadharani Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM kule Marekani, kinanda cha Prophet-600 cha kampuni ya Sequential Circuits kilipounganishwa na kinanda cha Jupiter-6 cha Roland. Kampuni mbili zinazoshindana sokoni zilikaa zikaelewana. Na kwenye kanuni zake, kuwasha na kuzima Local kuna namba yake kabisa, 122. Tatizo langu lilikuwa na namba, nami nililipia mipira.

Ndugu zangu, someni kitabu cha maelekezo. Changu kilikuwa ndani ya nailoni yake, sikukifungua. Tunataka kuitwa maprodyuza, tunataka watu watusikie, lakini kurasa arobaini zinatushinda. Kabla ya kubeba chombo kwenda kwa fundi, chomoa waya wa MIDI ukisikilize kikiwa peke yake. Kikilia vizuri, basi chombo ni kizima, shida iko kwenye maunganisho. Nasema tena: chomoa waya kwanza. Na kitabu usome.

Yule msomaji nilimwelekeza akazima Local. Asubuhi nikakuta ujumbe: “Kaka, imekubali! Ubarikiwe sana.” Chini yake mwingine, wa saa nane usiku: “Kaka, piano imekufa kabisa, haitoi hata mlio. Nampigia fundi.”

Nikamwandikia: “Washa sikwensa.”