Kipandikizi Kimepasuka, Kliniki Yanisukumia Kiwandani

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi wa Tanga, naishi Leicester. Miaka mitatu nyuma niliwekewa matiti ya silikoni kliniki binafsi London, kwa pauni 5,200. Pauni 500 za kutanguliza nililipa kwa kadi ya mkopo, zilizobaki nikatuma kutoka benki. Juzi picha ya MRI imeonyesha cha kushoto kimepasuka. Kliniki wanasema kosa ni la kiwanda, nikidai nidai huko. Wao kukitoa ni pauni 3,000 nyingine. Mume wangu anasema nimejitakia. Nani alipe? – Mama Salma

JIBU: Marahaba mwanangu. Mumeo tumweke kando kwanza. Ulitaka matiti, hukutaka yaliyopasuka. Gari la harusi likikatika breki, hakuna anayewauliza maharusi kwa nini walioa.

Alipe aliyepokea pesa zako. Kiwanda hukijui wala hakikujui. Kliniki ikitaka kukidai, hilo lao wawili.

Hayo ya “nenda kiwandani” yaliwatesa wanawake waliowekewa vipandikizi vya kiwanda cha PIP. Kiwanda hicho cha Ufaransa, La Seyne-sur-Mer, kilijaza vipandikizi silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa mwilini, wakawekewa wanawake wapatao 300,000 nchi mbalimbali. Mwaka 2010 kikafungwa. Mwenye kiwanda, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013, lakini kifungo hakilipi bili ya mtu. Bima ya kiwanda ilihusu waliofanyiwa upasuaji Ufaransa tu. Wengine wakamgeukia mkaguzi wa kiwanda hicho, kampuni ya Kijerumani TÜV Rheinland, na kesi ikapanda na kushuka mahakamani kwa miaka mingi. Hapo England, mwaka 2012 NHS, huduma ya afya ya serikali, ilikubali kuwatolea vipandikizi waliokataliwa na kliniki zao, ila si kuwawekea vipya. Mimi naona serikali ilifanya vizuri kuokoa miili yao, lakini bili ingepelekwa kwa hizo kliniki zenye pesa za kubandika matangazo kwenye mabasi.

Sasa wewe. Zile pauni 500 ndizo mkombozi wako. Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kinaibana kampuni ya kadi pamoja na muuzaji, kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000, hata kama kadi ililipa kianzio tu. Dai lako linaweza kuwa la bei yote. Waandikie kwa barua, kliniki nao nakala. England una miaka sita ya kudai, mitatu umeshaila.

Watakwambia kipandikizi si cha maisha, na hilo kweli: kupasuka peke yake si ushahidi wa ubovu. Tafuta ripoti ya daktari wa upasuaji asiye wa kliniki hiyo, na ile kadi yenye namba ya kipandikizi uliyopewa siku ya kutoka. Kama hukupewa, idai.

Na siku ya kukitoa, waambie kabla hujalala usingizi wa dawa, kwa maandishi, wasikitupe. Ukikipoteza hicho, utabaki na maneno tu.