Kumtambua Nyangumi na Pomboo kwa Mlio: Anza na Kelele za Dar

Shusha haidrofoni, yaani maikrofoni ya chini ya maji, popote kati ya Kunduchi na kisiwa cha Sinda, na cha kwanza utakachosikia ni jiko: mafuta ya moto yanachacharika bila kupumzika, usiku na mchana. Hao ni kamba wadogo wa mwambani wanaofyatua gando. Kelele yao huanza kwenye kilohezi 2 hivi na kupita 20, palepale inapopita miluzi ya pomboo. Asiyewazoea huwaandika "pomboo" kwenye kila rekodi. Tofauti iko kwenye mpangilio. Vidoko vya pomboo huja kwa mfululizo, na nafasi kati ya kimoja na kingine hubadilika polepole. Mnyama akikaribia windo hukazana mpaka vikaungana kama mkwaruzo wa bawaba kavu. Kamba wanapasua ovyo tu.

Kelele nyingine za hapa zijue kabla hujamtafuta mnyama. Boti za Zanzibar na meli zinazosubiri nje ya bandari huchora mistari ya kulala kwenye spektrogramu (picha ya sauti: muda kwa ulalo, masafa kwa wima), na mnyama hawezi kushikilia sauti moja iliyonyooka kwa dakika tano. Kipima kina cha boti jirani hutoa vidoko vya kilohezi 50 au 200 kwa nafasi sawasawa kama saa ya ukutani. Usawa huo ndio unaokifichua. Chewa na samaki wengine hukoroma chini ya kilohezi 1, hasa jioni. Halafu kuna baruti za wavuvi haramu. Mwaka 2015 utafiti uliovuta haidrofoni kando ya pwani yote ya Tanzania ulinasa milipuko 318, zaidi ya nusu yake ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Mlipuko ni mstari mmoja wa wima wenye mkia mzito wa mwangwi. Ukishauona mara moja hutauchanganya na kitu kingine.

Nyangumi wa nundu hupanda kutoka bahari ya kusini kuja kuzaa kwetu, na miezi ya kumtegea ni Julai hadi Oktoba. Bahati mbaya sehemu kubwa ya miezi hiyo ni ya kusi, kwa hiyo toka alfajiri na uwe umemaliza kabla upepo haujakaza. Chagua maji mafu. Wakati wa bamvua mkondo huvuta kebo, ikatetemeka na kutoa mngurumo ambao wengi wameuita nyangumi. Zima injini, zima na kipima kina chako, kisha iache boti ielee na mkondo badala ya kutia nanga. Funga chubwi la kilo 1 au 2 chini ya haidrofoni, na kati ya kamba ya juu na haidrofoni weka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, urefu wa nusu mita, kimeze mishtuko ya mawimbi. Kina cha mita 5 hadi 10 kinatosha. Kaa mbali na mwamba, maana kila unapousogelea lile jiko linazidi.

Kiwango cha kunasa kiweke ili vilele visizidi desibeli 12 chini ya sifuri. Sauti ikigonga dari hukatwa kichwa, na spektrogramu hujaa mistari ya uongo juu ya ile ya kweli. Hifadhi kwa WAV. MP3 hutupa masafa ya juu, na rekodi iliyotumwa kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp haifai kwa utambuzi wowote, hata kama inasikika vizuri sikioni.

Kinasa huona masafa hadi nusu tu ya kasi yake ya sampuli, yaani idadi ya vipimo vya sauti kinavyochukua kwa sekunde. Sampuli 48,000 kwa sekunde humtosha nyangumi wa nundu. Miluzi ya pomboo inataka 96,000, na kwa biti 24, chaneli moja, hiyo hula kama gigabaiti 1 kwa saa. Vidoko vya juu kabisa vinataka 384,000.

Ukifika nyumbani, programu za kuchambua sauti za Audacity na Raven Lite ni za bure na zinatosha kuanzia. Kosa linalojirudia ni kutumia dirisha moja, yaani idadi ileile ya sampuli zinazochambuliwa kwa pamoja, kwa kila sauti. Kwa nyangumi wa nundu kwenye sampuli 48,000, tumia dirisha la 4,096, likupe mgawanyo wa hezi 12 hivi. Kwa miluzi kwenye 96,000 tumia 1,024. Kwa vidoko kwenye 384,000 shuka hadi 256; dirisha pana litakipaka kidoko kikaonekana kama doa refu.

Wimbo wa nyangumi wa nundu, aliyezoea ushairi atauelewa haraka. Roger Payne na Scott McVay waliueleza muundo wake mwaka 1971: vipande huunda mshororo, mshororo hurudiwa kwa dakika kadhaa ukawa ubeti, na beti hufuatana mpaka wimbo ukaisha, mara nyingi baada ya dakika 10 hadi 30, kisha dume huanza upya. Nguvu nyingi iko chini ya kilohezi 4. Kwa hiyo usimtambue kwa mguno mmoja, maana chewa naye anaguna. Nasa dakika 20 mfululizo, tafuta mshororo uliorudi angalau mara tatu. Wala usitumie wimbo wa mwaka juzi kama kipimo: madume wa eneo moja huimba takribani wimbo uleule, lakini wote huubadilisha kadiri muda unavyokwenda.

Pomboo ndio wagumu. Mluzi mmoja wa umbo lilelile, ukirudi kila baada ya sekunde 1 hadi 10, huenda ni mluzi wa utambulisho wa mnyama mmoja, lakini haukwambii spishi. Miluzi ya spishi zetu hupishana masafa kiasi kwamba kutenganisha kunahitaji makumi ya miluzi na takwimu. Ushauri wetu: bila picha ya pezi la mgongoni, andika "pomboo" na uishie hapo.

Vidoko vizito vya Physeter, nyangumi mkubwa mwenye meno, kimoja kila nusu sekunde hadi sekunde nzima, vitafute kwenye kina cha mamia ya mita, si kwenye mkondo wa Zanzibar uliojaa mchanga na matumbawe. Popoisi, jamaa mdogo wa pomboo, hana makazi kwenye pwani yetu. Vidoko vyake vya kilohezi 130 hivi vinafanana na vya Kogia, nyangumi mdogo wa maji ya kina, na sikio la binadamu halivisikii kabisa. Mtu akidai amemsikia popoisi Kunduchi, muulize kinasa chake kilikuwa na sampuli ngapi. Kama ni 48,000, hakuna cha kujadili.