Jiwe la gesi usilikaushe kama jiwe la maji moto

Wadogo zangu mnaoanza maabara ya miamba huku Ujerumani, najua neno jotoardhi linawaletea picha ya Olkaria: volkano na mvuke. Wekeni kando kwanza. Kaskazini mwa nchi hii joto hutoka kwenye maji ya chumvi yaliyotulia ndani ya jiwe mchanga, na gesi nayo imebanwa kwenye jiwe mchanga lililo chini zaidi. Kwa macho yanafanana. Hapo ndipo nilipoteleza.

Neustadt-Glewe, mji wa kaskazini, maji hutolewa kwenye mita 2,200 hivi, yakiwa na nyuzi joto 98 au karibu na hapo. Mwaka 2003 yakazalisha umeme wa kwanza wa jotoardhi Ujerumani. Upenyevu wa jiwe la namna hiyo, yaani wepesi wake wa kupitisha maji au gesi, ni mamia ya milidarsi, kipimo cha upenyevu. Dondoshea tone la maji, linanywewa papo hapo. Jiwe la gesi la mita 4,000 na ushei mara nyingi halifikishi hata milidarsi 0.1, na tone hukawia juu yake.

Sampuli zangu za kwanza za gesi nilizitia tanuri kwa nyuzi 105 usiku kucha, kama nilivyozoea kwa mawe ya maji. Kesho yake vipimo vya upenyevu vikatoka vizuri mno, nikafurahi. Msimamizi hakufurahi. Alinikalisha kwenye hadubini ya elektroni: vitundu vilikuwa na ilaiti, madini ya mfinyanzi yenye nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Kwenye maji nyuzi hizo husimama na kuziba njia. Mimi nilikuwa nimezikausha zikalala ukutani, njia zikawa wazi. Nimepima jiwe ambalo huko chini halipo!

Kausheni polepole, unyevu ukidhibitiwa. Kisha mlibane jiwe kwa mgandamizo wa kina chake, maana jiwe la gesi likibanwa hupoteza upenyevu mwingi kuliko la maji. Na pimeni kwa shinikizo kadhaa za gesi: ikiwa ndogo, gesi huteleza kwenye kuta za vitundu na kuwadanganya.

Msishangae jiwe bovu hivyo kuitwa hifadhi, yaani jiwe la kutolea gesi. Gesi hupita kwa urahisi kuliko maji, mara kumi na zaidi. Maji ni shida: huko Groß Schönebeck, kaskazini mwa Berlin, walifungua kisima cha zamani cha kutafutia gesi, chenye nyuzi 150 hivi, wakitaka maji moto. Ilibidi mwamba upasuliwe kwa maji ya shinikizo ndipo upitishe.